Ukuta wa Kuzuia Kelele: Mwongozo kwa Wakaao Shinyanga na Geita

Mtu akaaye Katoro au Nyarugusu, au Kakola karibu na machimbo ya Bulyanhulu, au Kahama mjini palipo njia ya malori yatokayo Isaka kuelekea Rwanda, hahitaji kuelezwa kelele ni kitu gani, maana kabla jua halijatua jenereta zimekwisha kuwashwa, na usiku uliotarajiwa kuleta faraja makarasha huendelea kusaga mawe ya dhahabu, magololi ya chuma yakigongana ndani ya mapipa yake hata alfajiri. Na alfajiri yenyewe ndiyo saa ambayo mchimbaji wa zamu ya usiku hurejea nyumbani akitaka kulala, wakati ule ule mashine za unga zinapoanza kazi, watoto wanapokwenda shule, na mchuuzi anapopita mtaani na kipaza sauti. Tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka uliofuata, miji hii imekua kwa haraka sana, na nyumba za kulala zimesimama ukuta kwa ukuta na gereji, baa na mitambo. Azma ya mwongozo huu ni kumwonyesha msomaji namna ya kukifanya walau chumba kimoja cha nyumba yake kiwe mahali pa utulivu, kwa kuuongezea ukuta wa ndani ukuta wa pili mwepesi uliojazwa sufu ya mawe au ya kioo, na kumhadharisha asipoteze fedha yake kwa kuianza kazi hiyo mwisho badala ya mwanzo.

Kwanza tufahamu kipimo. Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki hakiendi kama mita na kilo, kwani sauti ikizidi kwa desibeli 10 sikio huihesabu kuwa imekuwa kubwa kama maradufu. Basi mtu aliyefaulu kuipunguza kelele ya chumbani mwake kwa desibeli 10 ameondoa kama nusu ya adha yake, wala asidhani kuwa amepata kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 1999, lilisema kwamba ili mtu apate usingizi mwema, kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na mlio mmoja mmoja, kama honi ya lori, usizidi 45. Usingizi uliokatwakatwa humpunguzia mtu nguvu na busara, na kwa yule ashukaye shimoni au aendeshaye mtambo mzito, kupungukiwa na busara saa ya kazi ni hatari ya maisha yake na ya wenziwe. Ndiyo sababu naihesabu kazi hii kuwa miongoni mwa dharura za nyumba, pamoja na paa lisilovuja na choo safi.

Wako watu wengi ambao, wakisikia habari ya kuzuia kelele, hukimbilia kubandika ukutani trei za mayai, au mazulia, au vipande vya godoro, wakitumaini kuwa kitu laini huimeza sauti. Ni kweli kwamba kitu laini huimeza sauti, illa ni ile sauti iliyokwisha kuingia chumbani na inayorukaruka baina ya kuta, yaani mwangwi. Jambo hili lilidhihirishwa mwaka 1895 na mwalimu wa fizikia wa chuo cha Harvard huko Marekani, Wallace Sabine, aliyetakiwa kuurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo maneno ya msemaji yalichanganyika kwa mwangwi yasifahamike. Naye alifanya majaribio yake usiku, akichukua mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kuipanga humo, akapima jinsi mwangwi ulivyopungua kadiri mito ilivyozidi. Mito ile iliupunguza mwangwi wa ukumbi, lakini isingalimzuia mtu wa nje kusikia yasemwayo ndani, kwa kuwa kitu chepesi chenye matundu huipisha sauti kwenda upande wa pili kama chandarua kinavyopisha upepo. Fauka ya hayo, povu la godoro likishika moto huwaka kwa kasi na kutoa moshi wa sumu, na trei za mayai ni karatasi kavu. Mtu aliyeuvika ukuta wa chumba cha kulala vitu hivyo ameacha kelele pale pale ilipokuwa na kuongeza khatari ya moto juu yake.

Sauti inayotoka nje huzuiwa na mambo manne: kuziba matundu, uzito, kutenganisha, na ulaini uliofungiwa katikati ya vitu viwili vizito. Nimeyataja kwa utaratibu wa manufaa yake, na yeyote anayenunua sufu kabla hajaziba matundu atakuja kumlaumu fundi bure.

Itazame nyumba ya kupanga ya kawaida katika miji yetu hii: vyumba vimepangwa mstari mmoja chini ya paa moja la bati, na ukuta unaotenga chumba na chumba hupanda mpaka usawa wa lenta au kozi moja mbili juu yake, kisha hukoma, ukaachwa wazi uwazi wote wa kenchi hadi bati, au dari imepigwa ya bodi nyembamba, nayo hufunika uwazi ule machoni bila kuufunga. Hapo ndipo jirani anaposikika akikohoa. Ukitaka kujua hesabu yake, chukua ukuta wa urefu wa mita 4 na kimo cha mita 3, ambao eneo lake ni mita za mraba 12. Pengo la sentimita 3 tu likiachwa juu yake kutoka pembe hadi pembe ni sehemu 1 katika 100 ya ukuta huo, na ukuta ambao ungaliweza kupunguza sauti kwa desibeli 45 hautaweza tena kupunguza zaidi ya 20. Sehemu 99 za tofali na saruji zimebatilishwa na sehemu 1 ya hewa. Sasa fikiri ukuta wenye uwazi wa nusu mita juu yake, na mwenyewe anauliza ni aina gani ya sufu inafaa kubandikwa chini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni upelelezi. Usiku ukiingia, zima taa chumbani, mwambie mtu asimame chumba cha pili na kurunzi, amulike juu ya ukuta, kwenye pembe, kwenye fremu ya mlango, kwenye soketi na palipopita mabomba. Kila mwanga unapopenya, sauti nayo yapenya. Tia alama kwa chaki. Ukuta uliokoma chini ya paa upandishwe kwa matofali mpaka bati lenyewe, na migongo ya bati izibwe kwa saruji, maadamu ukuta ule umejengwa juu ya msingi wake na una nguvu ya kubeba. Ikiwa umesimama juu ya sakafu tu, bila msingi, usiuongezee matofali, bali piga fremu ya mbao baina ya ukuta na kenchi, uivike bodi za jipsamu tabaka mbili kila upande, na katikati ujaze sufu. Soketi mbili zilizopeana mgongo katika ukuta mmoja ni tundu kamili, hivyo moja ihamishwe walau nusu mita, na tundu lake lizibwe kwa saruji. Nyufa za pembeni mwa fremu za milango na madirisha, ambazo mafundi huzificha kwa lipu nyembamba, zikwanguliwe na kujazwa silikoni ya mrija, ambayo haipasuki nyumba inapotikisika, na katika mji wenye baruti ya mgodi nyumba hutikisika.

Ikiwa nyumba yako ni ya zamani, iliyojengwa na serikali au kampuni miongo mingi iliyopita, tazama kwanza kama dari au paa lake lina asbesto. Vumbi la asbesto likivutwa huleta maradhi ya mapafu baada ya miaka mingi; usilikate wala kulitoboa, na kazi ya juu ya dari isifanywe mpaka mtu mwenye ujuzi amelikagua.

Baada ya matundu ni uzito. Kuta za mawe na chokaa za Unguja, Mombasa na Lamu, nene kiasi cha nusu mita, ziliwapa wenyeji wake faragha na sitara iliyo kamili, hata ghasia za sokoni zikawa hazifiki ukumbini, na sababu yake kubwa ni uzito tu, kwa kuwa ukuta mzito hauyumbishwi kwa wepesi na sauti. Sisi tunaojenga kwa tofali la saruji la inchi 6 tunao ukuta mwema usiodharaulika, madhali umepigwa lipu pande zote mbili. Tofali lisilopigwa lipu lina vitundu vingi visivyoonekana, na sauti hupita ndani yake kama hewa. Ukuta wa namna hiyo, uliojaa na kupigwa lipu, hupunguza sauti kiasi cha desibeli 45. Matofali ya kuchoma ya Usukuma nayo yafaa, illa mafundi wengi huacha viungo vya wima bila udongo wala saruji ya kutosha, na hapo lipu ndiyo mwokozi. Kwa hiyo, ikiwa ukuta wako ungali matofali matupu, upige lipu kwanza, ulale siku kadhaa, usikilize. Huenda haja yako ya sufu ikaisha hapo, na ukaokoa fedha nyingi.

Lakini uzito una ukomo wake. Kanuni yake ni kwamba ukiufanya ukuta kuwa mzito maradufu wapata desibeli 5 au 6 tu; basi mtu mwenye ukuta wa inchi 6 akijenga mwingine wa inchi 6 umeshikamana nao, ametumia matofali na saruji ya ukuta mzima kwa faida ndogo. Njia bora ni kujenga mbele ya ukuta wa zamani ukuta wa pili mwepesi usiougusa, na kuujaza sufu uwazi ulio katikati. Sauti ifikapo huutikisa ukuta wa kwanza, huingia katika hewa na sufu ambamo nguvu yake hudhoofishwa, kisha hukuta kizuizi cha pili kisichoungwa na cha kwanza kwa msumari wala mbao. Kazi hii ikifanywa kwa uaminifu, na matundu yakiwa yamekwisha kuzibwa, faida yake ni desibeli 10 na hata zaidi.

Namna ya kuifanya ni hii. Chagua ukuta ule ambao kelele inatoka upande wake, wala usianze na kuta zote nne. Hakikisha ukuta ni mkavu, kwa maana unyevu ukifungiwa nyuma ya bodi huotesha ukungu na kuoza mbao. Kama maji hupanda kutoka msingini au huvuja dirishani, tengeneza hilo kwanza hata kama itakupasa kungoja kiangazi. Pima sentimita 2 na nusu kutoka ukuta wa zamani, upige mstari sakafuni na juu. Kwenye mistari hiyo funga mbao za mlalo, mbao za 2 kwa 3 zilizotiwa dawa ya mchwa, na chini ya kila ubao tandika kwanza ukanda wa mpira, ule mpira wa ndani wa gurudumu la gari uliokatwa vipande wafaa kabisa, ili mtikisiko usipande kutoka sakafuni. Kisha simamisha nguzo za mbao zizo hizo, moja kila baada ya sentimita 60, na ukuta wa mita 4 utataka nguzo 8. Nguzo hizi zishikwe chini na juu peke yake. Fundi atataka kuzipigilia kwenye ukuta wa zamani ili zisiyumbe, na atakuambia kuwa ndivyo afanyavyo siku zote. Mkatalie, kwa kuwa msumari mmoja unaounganisha kuta mbili huwa daraja la sauti, nao huharibu faida yote uliyoigharimia. Mahali penye mchwa wakali, ni afadhali kutumia vyuma vyepesi vya bati ambavyo mafundi wa dari za jipsamu hutumia, navyo, kwa kuwa hunesa kidogo, huzuia sauti vizuri kuliko mbao.

Fremu ikisimama, jaza sufu baina ya nguzo, unene wa sentimita 5 hadi 7 na nusu, ikae kwa kubana kidogo pembeni isiporomoke, lakini isishindiliwe, kwa sababu kazi yake hufanywa na hewa iliyo ndani ya nyuzi zake. Halafu funga bodi za jipsamu zenye unene wa milimita 12 na nusu. Zile nyembamba za milimita 9 zitumiwazo darini ni nyepesi mno kwa kazi hii. Funga tabaka mbili, na viungo vya tabaka la pili visikae juu ya viungo vya kwanza. Skrubu za inchi 1 na nusu zatosha kwa tabaka la kwanza, na za inchi 2 kwa la pili. Ukuta wetu wa mita za mraba 12, kwa tabaka mbili, utakula bodi 9 za mita 1.2 kwa 2.4, nawe nunua 10 kwa ajili ya ukataji. Bodi zisiguse sakafu, zisiguse dari, wala zisiguse kuta za ubavuni: acha upenyo wa nusu sentimita kuzunguka pande zote, kisha uujaze silikoni mpaka usibaki hata mahali pa kupita wembe. Chini, upenyo huo huwa pia kinga dhidi ya maji ya kudekia, maana jipsamu ikinywa maji hulainika na kuvunjika. Chumba kitapungua kama sentimita 13 kwa upande huo, basi pima kitanda na kabati kabla hujaanza.

Sasa tuje kwenye sufu yenyewe, ambayo ndiyo huulizwa zaidi. Iliyo bora ni sufu ya mawe, inayofanywa kwa kuyeyusha mwamba na kuufuma nyuzi. Haiwaki, mchwa hawaili, na uzito wake huisaidia kusimama. Sufu ya kioo nayo yafaa sana na aghalabu ni rahisi zaidi kupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya miji mikubwa. Wanaoishika wavae glavu, mikono mirefu na kitambaa puani, kwa kuwa nyuzi zake huwasha ngozi na koo. Lile povu jeupe gumu ambalo redio na televisheni mpya hufungwa nalo lisitumiwe, ingawa ni rahisi na huzuia joto, kwa sababu hewa yake imefungwa ndani ya vijitundu na haipitishi mawimbi ya sauti ili kuyachosha. Tena huwaka vibaya.

Kisha iko pamba. Msomaji wa Shinyanga atasema, na ana haki ya kusema, kwamba nchi yake hulima pamba tangu enzi za wakoloni, na viwanda vya kuichambua viko mlangoni pake, basi kwa nini anunue sufu ya ng'ambo? Nami namwunga mkono kwa nusu. Nyuzi za pamba huimeza sauti kama sufu ya kioo, na huko Marekani hutengenezwa mablanketi ya ukutani kwa mabaki ya nguo za jinzi. Lakini mablanketi hayo hutiwa chumvi za boroni zinazozuia moto na kuwafukuza wadudu. Pamba mbichi isiyotiwa dawa hiyo, ikishindiliwa ndani ya ukuta wenye nyaya za umeme, ni utambi uliosubiri kuwashwa, na mbegu zikibaki ndani yake panya watafanya makao humo. Laiti mwenye kiwanda mmoja wa Shinyanga au Kahama angaliifanya kazi ya kutengeneza mablanketi ya pamba yaliyotiwa dawa na kupimwa, angewanufaisha wakulima na wajenzi kwa pamoja. Mpaka siku hiyo, pamba iache ilale kwenye godoro. Pumba za mpunga, zinazorundikwa nje ya mashine za kukoboa, nazo hutamaniwa kwa kuwa ni za bure, lakini baada ya muda hushuka na kuacha uwazi juu, tena huwaka, sizipendekezi.

Yapasa nikuambie na yale ambayo ukuta huu hautayaweza. Sauti nyembamba, kama mazungumzo, redio, kilio cha mtoto na honi, utaipunguza sana. Sauti nene, kama ngurumo ya jenereta, besi ya baa na mvumo wa karasha, ni ngumu zaidi, kwa sababu mawimbi yake ni marefu na huutikisa ukuta mzima. Dhidi ya hiyo, panua uwazi: badala ya sentimita 2 na nusu nyuma ya nguzo acha 5 au zaidi, na usipunguze tabaka za bodi. Kinyume chake, bodi moja nyembamba ikibandikwa juu ya vipande vya mbao vyembamba vilivyogusa ukuta huweza kuzidisha sauti nene, kwa kuwa bodi na hewa hiyo kidogo huvuma pamoja kama ngoma. Na mtikisiko wa baruti katika shimo la wazi la mgodi husafiri ardhini na kuingia kwa njia ya msingi. Huo hakuna sufu iwezayo kuuzuia.

Kwa hiyo mtambo ukiwa wa jirani unayemfahamu, nenda kwanza kwake. Jenereta iliyofungwa moja kwa moja kwenye zege husambaza mtikisiko nyumba zote za jirani, na ikiwekwa juu ya vipande vya matairi ya lori, ikafungwa bomba la moshi lililo zima na kugeuzwa mdomo upande usio na nyumba, hupata utulivu ambao wewe ungeununua kwa gharama kubwa. Umbali nao ni dawa: mashine iliyo mahali pa wazi, ukiisogeza mara mbili ya umbali wa kwanza, hupoteza karibu desibeli 6.

Paa pia linastahili neno, kwani mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili zikipiga juu ya bati hata mtu aliye kitanda kimoja nawe hamsikilizani. Tandika juu ya dari sufu ya unene wa sentimita 10, na kama nyumba ndiyo kwanza inaezekwa, iweke sufu ikigusa bati lenyewe kwa chini, kwa maana huzima mtetemo wake kama kiganja kilichowekwa juu ya ngoma. Faida ya pili ni kwamba joto la adhuhuri, ambalo Shinyanga lina ukali wake, halitashuka chumbani kwa urahisi. Balbu za kuzama darini na viungo vya nyaya zisifunikwe, kwa kuwa hupata moto. Na popo na panya wafukuzwe kwanza, na matundu yao yazibwe.

Mlango na dirisha ndizo sehemu dhaifu za ukuta wowote, na ukuta mwema wenye mlango mbaya ni ukuta mbaya. Ile milango myepesi iliyo tupu ndani ibadilishwe kwa mlango mzito wa mninga, ambao misitu ya Kahama na Tabora imetupa kwa muda mrefu, kisha fremu izungushiwe ukanda wa mpira na chini kiwekwe kizingiti ambacho mlango hukikanyaga. Madirisha ya alumini ya kuteleza huvuja sauti kwenye reli zake. Afadhali yale yafungwayo kwa bawaba na kubana. Aliye na wasaa na aweke dirisha la pili ndani ya la kwanza, vioo vikiachana sentimita 10 au zaidi.

Hapa ndipo ninapoomba usikilizwe kwa makini, kwani chumba kilichozibwa kila tundu ni chumba kisicho na hewa. Usiingize humo jiko la mkaa, hata likiwa linafifia, hata usiku wa baridi ya Juni. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Hewa ya kupumua ipatikane kwa kutengeneza sanduku la mbao lenye njia iliyopinda kona mbili, lililotandikwa sufu ndani na kufunikwa kitambaa, upande mmoja ukitazama nje kwa wavu wa mbu na upande wa pili ukifunguka chumbani. Moja liwe chini na moja juu, pande zinazokabiliana, na hewa itazunguka huku sauti ikichoka kwenye kona. Yale matofali ya matundu yaliyo juu ya madirisha yasizibwe mpaka masanduku haya yamekwisha kufungwa.

Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa ukuta naye hakukosa hila. Ahamishie kitanda kwenye ukuta ulio mbali na kelele, kabati la nguo lililojaa aliegemeze kwenye ukuta wa jirani, azibe nyufa za mlango kwa ukanda wa mpira, na amwombe mwenye nyumba ruhusa ya kuziba juu ya ukuta kwa gharama ya nusu kwa nusu. Na nyumba yenye mtu wa zamu ya usiku imtengee chumba cha nyuma, mbali na barabara na jiko, bila kujali kwamba chumba cha mbele ndicho kikubwa.

Kelele inapozidi na jirani hataki kusikia, sheria ipo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zilitungwa mwaka 2015 kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, zenye viwango tofauti vya mchana na usiku. Mlalamikaji aanze kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya mazingira ya halmashauri yake, kisha chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, akiwa ameandika siku na saa za kelele kwa muda wa majuma kadhaa, kwani malalamiko yasiyo na maandishi hupotea.

Nawe uliye na kiwanja Katoro, Masumbwe au Kahama, na unajenga vyumba vya kupangisha wachimbaji na wafanya biashara, mwambie fundi azipandishe kuta zote mpaka bati na kuzipiga lipu pande zote mbili kabla hajashuka. Kozi chache za matofali leo ni gharama ndogo kuliko jipsamu na sufu ya kesho, na wapangaji wako wana haki ya kulala. Yanunue matofali hayo sasa, jukwaa la fundi likiwa lingali limesimama.